Bwawa la Igundo Lasamehewa

Ipo nchi iitwayo Shwari. Usiitafute ramanini, wenyewe wameiondoa, wakihofia kwamba mgeni akiiona atauliza kitu. Ni nchi ya amani kuliko zote. Amani ya huko ni nzito, ikimwangukia mtu humvunja mbavu, na kila mwaka raia kadhaa hulazwa hospitali kwa sababu ya amani.

Mbali na mji mkuu wa nchi hiyo, mahali paitwapo Igundo, palikuwa na mgodi wa dhahabu, na mgodini hapo aliajiriwa mwanamke mmoja, Minza Shigela, dereva wa katapila. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mkimya. Ukimpa maneno matatu anakurudishia moja. Kwa miaka kumi na miwili alisukuma kifusi, na ndiye aliyejenga kingo za bwawa la topesumu, yaani ule uji wa kijivu unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa kwa zebaki na sianidi mpaka yaachie dhahabu. Alilijua bwawa lile kama mama ajuavyo tabia za mtoto mtukutu. Alijua wapi limeganda juu tu, na wapi ni uji mpaka chini, mita ishirini.

Dhahabu ilipokwisha, wenye mgodi waliaga kwa adabu, wakang'oa hata balbu za vyooni, wakaacha bwawa. Lilikuwa kubwa kama viwanja tisa vya mpira. Bata maji waliotua juu yake hawakuruka tena. Ng'ombe walikunywa kijito cha chini yake, wakatoka povu, wakaanguka. Watu wakaota vidonda visivyosikia dawa, na mikono ya vijana ikaanza kutetemeka kama ya vikongwe.

Serikali ya Shwari si ya kupuuza kilio. Iliunda tume. Tume ikaja na maji yake ya kunywa, ikakaa wiki mbili, ikagundua kwamba mwenye kosa ni bwawa lenyewe. Bwawa likashtakiwa kwa kudhuru mwili. Likasomewa mashtaka, likanyamaza, likahesabiwa limekiri, likafungwa miaka mitatu. Kisha ikafika sikukuu ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu, maana huko ndivyo wamwitavyo rais, naye kwa huruma yake akawasamehe wezi wa kuku mia mbili na bwawa moja. Sasa, kwa sheria za Shwari, kumkumbusha aliyesamehewa kosa lake ni uchochezi. Hivyo tangu siku ile, kutamka kwamba bwawa la Igundo lina sumu kukawa jinai.

Ndipo Igundo ilipotembelewa na Mheshimiwa Dakta Balthazar Kimondo, Waziri wa Ardhi Zilizotubu. Alikuwa bonge la mtu, na alipenda kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye koti, kwa kuwa kilimwacha huru kupunga mikono yote miwili.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Ardhi hii ilikosea. Nani kati yetu hajakosea? Imeadhibiwa, imejuta, imesamehewa, na leo inarudi mikononi mwenu! Hapa juu ya bwawa tutaweka Bustani ya Jamii. Uwanja wa michezo! Soko la mboga! Shule ya madarasa manane! Mchicha utaota hapa kwa kimo cha askari!"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa askari wenyewe walikuwa wamewazunguka na kimo chao kilionekana. Akanyoosha mkono Ndulu Shigela, mdogo wake Minza, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye tabia mbaya ya kumaliza sentensi zake.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Naomba kuuliza. Udongo umepimwa?"

"Umesamehewa, mwalimu."

"Hilo nimelisikia. Nauliza kama umepimwa. Maana zebaki haisomi gazeti la serikali."

Watu wakacheka. Minza, aliyekuwa amekaa nyuma kidogo, hakucheka. Alimwona Waziri akimtazama mtu mmoja pembeni, kisha akishusha macho. Mtu yule alikuwa Kamanda Rweyunga, mkuu wa Kikosi cha Elimu kwa Umma, mwanamume mwenye sauti laini kama ya muuguzi. Kikosi chake kilikuja na vifaa vyote vya kufundishia, yaani virungu, mabomu ya machozi, na ubao mmoja ambao haukuwahi kutumika. Kamanda akainua kidole, somo likaanza.

Wananchi walielimishwa kwa saa moja na robo. Walielimishwa mgongoni, kisogoni, na kwenye vifundo vya miguu walipokimbia. Minza alipenya katikati ya moshi akimwita mdogo wake, akamkuta amelazwa chali, askari wawili wamemkanyaga mikono, na wa tatu anainua buti. Alisikia taya likivunjika kama ukuni mkavu. Akamrukia yule mwenye buti, akamng'ata sikio, damu ikamjaa mdomoni, kisha kirungu kikamshukia kwenye bega na mkono wake wa kushoto ukafa ganzi. Alipoinua kichwa, Ndulu alikuwa anaburutwa kwa miguu kifudifudi, uso wake ukichora mstari mwekundu vumbini.

Waliohitimu kwa daraja la kwanza siku hiyo walikuwa wawili, muuza tumbaku mmoja na mama mmoja mjamzito. Walizikwa kesho yake. Radio Shwari ikatangaza kwamba mkutano ulifana na mwamko wa wananchi ulikuwa mkubwa.

Siku ya tatu Kamanda alimwita Minza kituoni. Alimpa kiti, akampa na chai, akauliza bega linaendeleaje.

"Mama Minza," alisema, "bustani inahitaji kufunguliwa baada ya wiki mbili. Katapila la mgodi lipo, na mtu anayelijua bwawa ni wewe peke yako. Utalifunika kwa udongo mwekundu, futi moja, kisha tutatandika nyasi. Zinakuja kwa malori, zimekunjwa kama mikeka."

"Futi moja haitoshi," Minza alisema. "Lile lazima lichotwe, likazikwe kwenye shimo lililosakafiwa, mbali na maji. Hiyo ni kazi ya miaka."

"Mlezi Mkuu hana miaka. Ana Jumamosi." Kamanda akasukuma mlango wa nyuma kwa kidole. "Njoo umsalimie mdogo wako."

Ndulu alikuwa kwenye sakafu ya saruji. Taya lake lilining'inia kama bawaba iliyong'oka, nalo lilifungwa kwa mkanda wa suruali uliopitishwa utosini. Kucha tatu za mkono wa kulia hazikuwepo. Alipomwona dada yake alijaribu kusema, ikatoka sauti ya maji yanayochemka, akaacha, akatikisa kichwa. Minza alielewa. Alikuwa anamkataza.

"Siku ya ufunguzi, Mlezi akishaondoka, atatoka," Kamanda alisema. "Nyasi zikichelewa, hatatoka. Mimi sipendi mambo magumu, mama."

Minza aliutazama ule mkono uliong'olewa kucha. Akasema neno lake moja.

"Nitasukuma."

Akaanza kazi. Alisukuma udongo kutoka kingoni kwenda katikati, taratibu, akipita pale tu palipoganda. Malori yalimwaga, yeye akasambaza. Kwa siku nne mambo yalikwenda. Siku ya tano Kamanda aliona kazi inasuasua, akaamuru malori yasimwagie kingoni tena, yaingie ndani. Minza alishuka akapiga kelele, "Msiingie! Hapo katikati ni uji!" Lakini dereva wa lori la kwanza, Lushinge, baba wa watoto watano, alikuwa ameelekezewa bunduki dirishani, naye akaingia.

Lori lilikwenda hatua thelathini. Kisha ganda likapasuka kwa sauti ndogo ya kusikitisha, kama mtu anayekohoa akiwa amefunika mdomo, na tairi za nyuma zikazama. Lushinge alifungua mlango, uji wa kijivu ukaingia. Akapanda juu ya kibanda cha dereva. Minza alikimbilia waya wa kuvutia ulio nyuma ya katapila, akauzungusha, akaurusha, ukafika nusu. Alikuwa anauvuta aurushe tena risasi zilipopita juu ya kichwa chake.

"Muda!" Kamanda aliita, kwa upole. "Tuna muda wa kazi, mama. Rudi kwenye mashine."

"Kuna mtu pale!"

"Alikuwa amechelewa kazini tangu asubuhi. Rudi."

Lushinge alizama akiwa amesimama, ameinua mikono kama anayetaka kuuliza swali. Alizama mpaka kifua, akawa anamwita mkewe, Holo, kwa jina. Alipofika kidevuni hakuita tena, alifumba mdomo kwa nguvu, kwani hata mtu anayekufa hataki kuionja topesumu. Kisha hapakuwa na mtu. Minza alisukuma udongo juu ya mahali hapo huku machozi yanamtiririka, na askari mmoja aliyeketi nyuma yake na bunduki akamwambia apunguze kulia, anatikisa usukani.

Jioni hiyo ilitolewa taarifa kwamba dereva Lushinge ametoroka na lori la serikali. Kikosi kikaenda nyumbani kwake kumtafuta, kikavunja vyungu, kikampiga Holo mbele ya watoto ili aonyeshe lori lilipofichwa. Holo alikuwa mwanamke mrefu, muuza dagaa. Hakujua lolote, hivyo wakamvunja mkono mmoja, wakaondoka wakiahidi kuendelea na upelelezi.

Jumamosi ikafika. Kutoka mbali bustani ilipendeza mno. Nyasi za kijani zilienea juu ya bwawa lote, zimenyunyiziwa manukato ili kuua harufu. Kwenye kingo kulikuwa na jukwaa la mbao lenye zulia jekundu na viti vya kifalme. Pembeni waliegesha katapila, limefungwa maputo, na Minza juu yake amevishwa fulana yenye picha ya Mlezi Mkuu, maana alipangiwa kupita mbele ya wageni kama mfano wa mwanamke wa maendeleo. Wananchi walikusanywa tangu asubuhi kwa malori. Mlezi Mkuu alishuka kwa helikopta, kizee kidogo chenye miwani myeusi, akalala usingizi mara tu alipoketi.

Minza alikuwa anahesabu dakika za kwenda kumchukua mdogo wake. Ndipo aliposikia ngoma, akawaona wanafunzi.

Walikuwa mia nne, kwa mistari, wamevaa sare nyeupe, wakiongozwa kwenye halaiki. Wangeingia katikati ya nyasi, wajipange waandike kwa miili yao neno SHWARI, kisha waruke, wote kwa pamoja, mara kumi, ishara ya ardhi imara.

Alishuka akamkimbilia Kamanda. "Afande, watoto wasiingie. Ganda halitawabeba. Unajua. Uliona mwenyewe."

"Lori lilikuwa zito. Watoto wepesi."

"Mia nne wakiruka pamoja? Afande, nakupigia magoti."

"Mama Minza, umebakiza saa moja tu. Mdogo wako amebakiza saa moja." Kisha akampiga kwa kitako cha bastola mdomoni, si kwa hasira, ila kama mtu anayefunga dirisha. Minza alitema meno mawili kwenye nyasi mpya.

Mstari wa kwanza wa watoto ulikuwa umefika ukingoni. Waliimba. Walikuwa wanafunzi wa Ndulu. Aliwafahamu wengi kwa majina. Akawaza kile chumba cha saruji na ule mkanda wa suruali, na akaona wazi, kama mtu anayeona gari linalokuja, kwamba hakuna njia ya kuwaokoa wote. Na akakumbuka namna Ndulu alivyotikisa kichwa.

Akapanda katapila, akawasha.

Watu walidhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga makofi. Katapila likageuka na maputo yake, likawakatiza watoto wa mbele, mwalimu wao akapiga ukunga akawarudisha nyuma. Minza akashusha bapa la chuma likaanza kukunja nyasi na udongo mwekundu kama mtu anayechuna ngozi, na chini yake ikatokea topesumu, ya kijivu, inameremeta. Harufu ikapanda. Mtoto mmoja akatapika. Kamanda alifyatua risasi, ya kwanza ikavunja taa, ya pili ikaingia paja la Minza, ya tatu ikapita shavuni. Hakusimama. Aliendesha kufuata ukingo ili watoto wasipate pa kupita, mpaka ganda likakatika chini yake na katapila tani ishirini likazama pua, likivuta nyuma yake kila kilichokuwa juu. Alijirusha akaangukia udongo wa ukingo, akaukumbatia kwa kucha.

Jukwaa lilijengwa juu ya udongo uleule. Liliinama upande. Viti vya kifalme vikateleza, wakateleza mabalozi, likateleza na zulia. Walinzi walimbeba Mlezi Mkuu kama mzigo wa kuni, wakamrusha ndani ya helikopta akiwa bado usingizini, nayo ikapaa. Wengine walishikilia mbao. Dakta Kimondo, kwa uzito wake, hakupata wa kumshika. Aliingia bwawani hadi kiunoni.

Kikosi kikapiga risasi kwenye umati. Watu sita walianguka. Lakini wazazi walikuwa wamekwisha kuiona ile topesumu na kuwaona watoto wao wamesimama hatua kumi kutoka kwayo, na mtu aliyeona hivyo hasikii tena bunduki. Waliwajia askari kwa mawe, kwa miti ya jukwaa, kwa virungu walivyowapokonya. Kamanda Rweyunga alipiga mpaka bastola ikaishiwa risasi. Akaanza kueleza, kwa sauti yake laini, kwamba alitumwa. Kinamama wa soko walimwelimisha kwa mawe ya kufulia, nao hawakuwa na subira ya walimu waliosomea. Alihitimu kwa muda mfupi sana, na kichwa chake hakikutambulika.

Wakati huohuo sauti kubwa ilikuwa ikisikika kila upande, kutoka kwenye spika zote. Kilikuwa kile kipaza sauti cha kwenye koti. Radio Shwari ilikuwa inarusha sherehe moja kwa moja, na mafundi wake walikuwa wamekimbia bila kuzima mitambo.

"Nitoeni! Inachoma! Hii ni sumu, jamani, sumu!"

Kando ya ukingo alisimama Holo, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa, mwingine umeshika kamba ya jukwaa. Hakuirusha.

"Mheshimiwa," aliuliza, "mume wangu yuko wapi?"

"Nirushie kamba, mama!"

"Lushinge. Dereva. Mlisema ametoroka na lori."

Topesumu ilikuwa imemfika Waziri kifuani. "Yumo humu!" alilia, na nchi nzima ikamsikia. "Yumo chini, na lori lake! Tulijua! Vipimo vilifanyika, ripoti ninayo mezani, tulijua kila kitu! Nirushie!"

Holo aliutazama uji wa kijivu uliomzunguka Waziri. Kisha akarusha kamba, watu wakavuta, na Waziri akatoka kama ndama anayezaliwa, ngozi ya miguu yake ikibaki ndani ya viatu.

Minza alikuwa amelala palepale ukingoni, amefungwa paja kwa kitenge. Alimshika mtu wa karibu shati akasema, "Kituoni." Watu hamsini walikimbia. Askari walikuwa wameacha milango wazi. Walirudi na Ndulu juu ya mlango uliong'olewa, mwepesi kama gunia la pamba, macho yake wazi. Minza alipoona yale macho yanapepesa alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, bila kujali nani anamtazama.

Nchi ya Shwari haikutikisika. Mlezi Mkuu alipoamka alielezwa kwamba sherehe ilikwenda vizuri. Lakini sheria ni msumeno, na mbele ya taifa zima watu wawili walikuwa wameikashifu ardhi iliyosamehewa. Minza Shigela aliikashifu kwa katapila, na Balthazar Kimondo kwa kipaza sauti. Wakafunguliwa kesi moja ya uchochezi, wakapandishwa kizimbani pamoja, Minza kwa magongo, Waziri kwa kiti cha magurudumu, miguu yake imefungwa bandeji zinazovuja. Hawakusalimiana.

Mwendesha mashtaka alisema ardhi ya Igundo ni safi, na anayesema vinginevyo ni adui wa taifa. Hakimu akamuuliza Minza kama ana ushahidi.

"Ninao," alisema.

Akafungua mlango wa pembeni. Nje, juani, kulikuwa na ndoo moja ya bati, imejaa topesumu mpaka mdomoni. Alikuja nayo kutoka Igundo kwa mkokoteni uliosukumwa na majirani. Nzi watatu walikuwa wamekufa ukingoni mwake.

"Kama ni safi," Minza alisema, "mheshimiwa mwendesha mashtaka anawe mikono. Nitakiri makosa yote."

Mwendesha mashtaka alisogea mpaka mlangoni, akachungulia, akarudi, akaomba kesi iahirishwe kwa sababu ya mafua. Hakimu akakubali upesi. Lakini harufu ilikuwa imekwisha kuingia, makarani wanafunika pua, na wasikilizaji wa viti vya mbele wanahama. Hakimu akaagiza polisi waiondoe ndoo. Polisi wakatazamana, kisha wakatazama dari. Akaagiza makarani. Wakakumbuka kwamba wana watoto.

"Nani aliyeleta kitu hiki hapa?" hakimu alifoka, leso ikiwa puani.

"Mimi, mheshimiwa."

"Basi kirudishe mara moja!"

Minza aliegemea magongo yake. Alifikiri kwa dhati, kwa maana alikuwa mtu mtiifu na agizo lilikuwa la kisheria.

"Sawa, mheshimiwa," alisema. "Nikirudishe wapi?"